Koki Mbili Nilizozifunga

Kabla ya yote, msikate ukucha wa kidole cha shahada mpaka ukaisha. Uacheni kidogo, upana wa punje ya mchele. Najua mzee aliyestaafu akishika kalamu mnategemea maadili na uvumilivu na kadhalika. Mimi binti yangu Neema kaniomba niwaandikie vijana wa kanisani kwetu Scarborough habari za kazi niliyoifanya, na kazi yenyewe inaanzia hapo kwenye ukucha. Mbele mtaona kwa nini.

Baadhi yenu mnadhani nilikuwa mwosha boti. Nimewasikia. Mnafikiri babu haelewi kwa kuwa mnasema Kiingereza, kama vile mimi nikiwasemesha Kiswahili mkanijibu Kiingereza ningedhani hamkusikia. Kuosha nimeosha, tena kuna mwaka mmoja majira yote ya kuchipua niliosha tu, na sababu yake nitaisema bila kuificha. Lakini kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kuzitunza boti za matanga wakati wa baridi, katika yadi moja kando ya ziwa hapa Toronto. Si boti za wavuvi. Ni za watu wanaosafiri nazo, zina vitanda, jiko, choo, meza ya kulia chakula. Mwezi wa kumi zinatolewa majini, mwezi wa tano zinarudishwa. Hapo katikati wenye boti wako majumbani wanakunywa chai, na sisi tuko nazo kwenye barafu.

Sikuitafuta kazi hiyo. Dodoma nilikuwa fundi bomba, fundi wa kweli mwenye cheti. Nilipofika hapa cheti changu kilitazamwa kwa heshima kubwa kisha nikarudishiwa mkononi. Tukapanga Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja, mke wangu Mama Neema akapata kazi ya kuhudumia wazee, na mimi nikazungukazunguka mpaka muumini mwenzetu akaniambia kuna yadi inatafuta mtu asiyeogopa baridi. Nikasema mimi siogopi. Baridi yenyewe nilikuwa sijaiona bado.

Siku ya kwanza nilifika kreni ikiwa inatoa boti majini. Jamani. Mimi mtu wa Dodoma nilidhani boti ni ile sehemu inayoonekana juu ya maji, basi. Kumbe chini kuna tumbo, na chini ya tumbo kuna pande la madini ya risasi linaloitwa mkuku, tani kadhaa, ndilo linaloizuia boti isipinduke. Ikapanda, ikapanda, ikichuruzika maji, mpaka nikalazimika kuinua shingo. Halafu wakaishusha juu ya magogo na kuiegemeza kwa jeki sita, na mtu mmoja akaja akaisukuma kwa kiganja kuona kama imekaa vizuri. Tani zote zile, anaisukuma kwa kiganja! Mwenzenu nilirudi nyuma hatua kumi. Mama Neema aliponiuliza jioni kazi ikoje, nilimwambia nimeona kitu ambacho labda sikutakiwa kukiona. Hadi mwaka wa mwisho kabla sijastaafu, boti ikitoka majini nilikuwa nasimamisha shughuli zangu nikaitazama.

Huyo mtu wa kiganja ndiye Gordon, msimamizi wetu. Alikuwa ametoka Newfoundland, kisiwa cha mashariki huko, na Kiingereza chake kwa miezi mitatu sikuambulia kitu. Haikuwa shida, maana mwenyewe alikuwa hasemi. Alifundisha kwa kukushika mkono na kuuweka mahali. Alinifundisha kugonga sitaha ya boti kwa mpini wa nyundo na kusikiliza: unakwenda ko, ko, ko, halafu ghafla pu, na hapo penye pu maji yamejipenyeza ndani, pataoza. Alinifundisha kujua nyufa za chuma kwa ukucha. Anakupa kifaa, anakuamuru ufumbe macho, unapitisha ukucha polepole kukizunguka. Jicho linaona linachopenda, lakini ukucha ukifika kwenye ufa unanasa, hata kama ufa ni mwembamba kuliko unywele.

Makosa nilifanya mengi, mengine ya kuchekesha. Gundi ya faibaglasi haigandi kwenye baridi. Baridi yangu ya kwanza niliichanganya vizuri kabisa kama kopo lilivyoagiza, nikapaka, kesho yake nikaikuta uji. Gordon hakugomba. Alifungua vifungo vya koti lake akanionyesha makopo mawili yamelala kwenye mifuko ya shati, juu ya tumbo, yakipata joto. Toka siku hiyo nami nikawa naatamia gundi kama kuku. Siku moja nikasahau kopo ndani ya shati nikapanda nalo basi la kwenda Eglinton, likavuja, na Mama Neema akalikata shati kwa mkasi huku akinichekelea. Hadi leo akiniona na gundi anauliza kama shati ni la zamani.

Kosa ninalotaka kuwasimulia halikuchekesha mtu.

Boti ina matundu chini. Mkishangaa, hata mimi nilishangaa. Moja linaingiza maji ya kupoza injini, matatu ni ya sinki na choo, na mawili ni ya kutolea maji ya mvua yanayoingia pale anaposimama mwendeshaji. Kila tundu lina koki yake ya shaba. Boti ikiwa majini, koki hiyo ndiyo kitu pekee kilichosimama kati yako na ziwa lote. Boti ikiwa nchi kavu wakati wa baridi, koki zote zinaachwa wazi, ili tone la maji lisibaki ndani likaganda.

Sasa mniwekee hilo upande mmoja, na upande wa pili muweke Dodoma ya utoto wangu. Kwetu maji yalikuwa ya mgao. Bomba linakauka siku tatu, nne, na mtu akifungua koki akakuta kavu ni rahisi aiache wazi akaenda zake. Nilifanya hivyo nikiwa na miaka tisa. Maji yakarudi mchana hatupo, yakajaza jikoni, yakaingia sebuleni, yakaloanisha gunia la unga lililokuwa la kutufikisha mwisho wa mwezi. Mama alinichapa, na kuanzia hapo kila siku kabla ya kutoka alitutuma kuzungukia koki moja moja na kuzifunga, ziwe na maji, zisiwe nayo. Kwa mtu wa mgao, koki wazi ni uzembe. Nimekua na hilo mkononi, nikawa fundi nikawafundisha wateja hilohilo.

Basi, baridi yangu ya tatu pale yadini, kulikuwa na boti ya Bi Ruth. Alitaka nimwite Ruth tu, nikashindwa, mtu aliyefundisha shule maisha yake yote huwezi kumwita jina tupu. Alikuwa amestaafu na ameuza nyumba yake. Boti ile, mita kumi hivi, ndiyo ingekuwa nyumba yake. Mpango wake ulikuwa kuondoka mwezi wa tano, kushuka na mto mpaka baharini, peke yake. Kuogelea alikuwa hajui vizuri, alisema mwenyewe, na alilisema kama mtu anayesema hajui kusuka mkeka.

Boti yake tulikuwa tunaifanyia mengi: betri mpya, paneli mbili za sola kule nyuma, hita ya dizeli, nyaya zote kutolewa na kupitishwa upya. Tulikuwa tunaifunika kwa plastiki nyeupe inayokazwa kwa moto, na ndani ya plastiki kunakuwa na mwanga kama uko ndani ya yai. Lakini kabla ya kuifunika, Gordon alikuwa amemaliza koki. Zile za sinki, choo na injini alizipitishia dawa ya pinki isiyoganda. Mbili za mvua hazina haja ya dawa, mvua ingeiosha tu, kinga yao ni kubaki wazi. Akanituma niingie nichukue vifaa vyetu vilivyobaki ndani.

Nikaingia, nikachukua vifaa, nikaona mikono ya koki imelala sambamba na bomba. Ziko wazi. Sita zote. Nikatikisa kichwa nikasema moyoni, hawa wenzetu bwana, wana kila kitu lakini hawana habari na koki. Nikapiga magoti nikazifunga moja baada ya nyingine, na mbili za mwisho, zile za mvua, zilikuwa pabaya, nyuma ya kitanda cha mkiani mwa boti, ikabidi nijilaze ubavu na kunyoosha mkono mpaka bega likauma. Nikatoka nimeridhika. Nilimfikiria mama yangu.

Baridi ikashika. Sijui niwaelezeje bandari ikiganda kwa mtu asiyeiangalia kila siku. Mnaipita kwenye gari mkiwa na simu. Mimi nilikuwa nakula chakula cha mchana nimeikodolea macho. Maji yaliyokuwa yakipiga ukuta wiki iliyopita sasa yametulia, na yanatoa sauti. Barafu inalia, haki ya Mungu, inavuma kwa chini mbali kule halafu sauti inakimbia kukufuata mpaka miguuni. Mara ya kwanza nilisimama nikavua kofia. Gordon aliniona akaendelea kula mkate wake, lakini alisogea, akakaa upande uleule niliokuwa natazama mimi.

Bi Ruth alikuja kila Jumamosi kwa basi, na chupa ya supu. Nilimfundisha kubana vichwa vya nyaya, naye akanifundisha kuziandikia majina. Kila waya wa boti ile una kikaratasi chenye mwandiko wa mwalimu. Tulipowasha hita mara ya kwanza na ikakubali, alivua glovu akaweka mikono juu yake. Akaniambia ni mara ya kwanza boti ile imempa joto.

Mwezi wa pili Gordon alikuwa anapanga rafu ya vyuma vibovu. Akanipa koki ya shaba iliyopasuka, imefunguka ubavuni kama ganda la karanga. Ilikuwa ya boti nyingine ya miaka ya nyuma. Nikamuuliza nini kiliigonga. Akasema maji. Nikamuuliza maji mengi kiasi gani, akaninyooshea kijiko chake cha chai. Sikuamini, nikarudia kumuuliza. Shaba nene vile, mimi na nyundo yangu kubwa nisingeipasua kwa siku nzima. Kijiko kimoja cha maji kilichofungiwa, kikaganda usiku mmoja, kikaisukuma mpaka ikaachia. Miaka yote nilijiita mtu wa maji na sikuwa najua maji yana nguvu ya namna hiyo. Niliishika nikaigeuzageuza, na bado naigeuza nikajikumbuka nimelala ubavu nyuma ya kitanda cha Bi Ruth.

Nilienda mchana uleule. Theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo kwa jua la wiki iliyopita, na pale tulipotobolea plastiki kupitisha nyaya za sola maji yalikuwa yakidondoka, yanaingia kwenye matundu ya mvua, yanateremka mpaka kwenye koki zangu zilizofungwa. Yamekaa hapo yameganda. Niliziwekea feni ya joto nikazifungua. Ya kulia ilidondosha maji. Ya kushoto ilitoa kipande cha barafu, cheupe, kirefu kama kidole.

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Nilichukua tochi nikazimulika koki zile pande zote. Sikuona kitu. Nikasema, asante Mungu, salama. Nikazifungua na zile nne nyingine, nikarudisha godoro, nikatoka.

Sikutumia ukucha. Nilijua kabisa ukucha ndio unaotakiwa, nilifundishwa na nilifanya hivyo kila siku kwa boti za watu wengine. Nilitumia macho kwa sababu nilitaka kuambiwa hakuna kitu.

Nikakaa kimya wiki saba. Nilikuwa nimesifiwa, nilikuwa nimeanza kuachiwa kazi peke yangu, na nilijiambia nimeona kwa tochi, yamekwisha. Bi Ruth akaleta vitabu vyake. Akaleta sufuria mbili. Akashona pazia. Jumamosi moja akaniambia kwamba anachosubiri zaidi ya vyote ni kulala akisikia maji yakipita upande wa pili wa ubao. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Mama Neema aliona nina jambo. Jumapili moja tumo ndani ya basi tunarudi kutoka kanisani, nikamsimulia mkasa wote, ila nikasema ni wa mfanyakazi mwingine, jamaa mmoja mzembe pale yadini. Alisikiliza akiangalia dirishani. Kisha akauliza, taratibu tu, "Huyo mama atalala wapi humo ndani?"

Nikamwambia kitanda cha mkiani.

"Na hizo koki ziko wapi, Baba Neema?"

Tulipokaribia kituo chetu akakusanya mkoba wake na mwavuli, akanipa mimi nimshikie Biblia.

Jumatatu Bi Ruth alikuwepo, maana mwezi wa nne ukiingia alikuwa anakuja kila siku. Nilimwambia nimesimama mlangoni mwa boti, kofia mkononi. Nilimwambia nilizifunga, nikamwambia kwa nini, Dodoma na mgao na gunia la unga, nikamwambia na barafu niliyoikuta. Nilisema upesi upesi, kama mtu anayekunywa dawa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaondoa vitabu vilivyokuwa kitandani. Akanionyesha mahali pa kichwa chake na kuniambia nikae hapo. Nikakaa. Koki ya kushoto ilikuwa shubiri moja kutoka mahali sikio lake lingelala, nyuma ya kibao chembamba.

"Sasa rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii sikuweza kuharakisha. Nilipofika mwisho akauliza nimejua tangu lini, nikamwambia mwezi wa pili. Akasema, "Mwezi wa pili," halafu akashika pazia alilolishona akalinyoosha, ingawa halikuwa na mkunjo. Angenitukana ningeshukuru. Nililia, wanangu, mtu mzima na ovaroli lake, na alinipa tishu kutoka kwenye boksi alilokuwa amelipakia kwa safari.

Bi Ruth alimwita Gordon, naye akazitoa koki zote mbili asubuhi ileile. Akazifuta, akaipitishia ya kulia ukucha wake, akaiweka mezani. Ya kushoto akanipa mimi. Akaniambia nifumbe macho.

Ukucha ulinasa. Chini karibu na nyuzi za skrubu, ufa wa urefu wa punje ya mtama. Tochi isingeuonyesha hata ningemulika mwaka mzima. Gordon akaibana kwenye meza na kuisukumia maji kwa pampu ya mkono, na pale penye ufa pakatoka jasho, tone moja, likakua, likaanguka, likafuata jingine. Nikamuuliza ingehimili muda gani. Akasema labda wiki, labda msimu mzima, halafu siku boti inapogongwa na wimbi la bahari ingekatika yote, na tundu lile linajaza boti haraka kuliko mtu anavyoamka usingizini.

Akaifungua kutoka kwenye meza akaniwekea mkononi. "Ungeniambia mwezi wa pili, ningekucheka," akasema. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema kunihusu mimi.

Alinitoa kwenye kazi zote za chini ya mstari wa maji. Nikaosha. Matumbo ya boti, ngazi, magogo, yote, wakati wenzangu wanafunga injini. Ndiyo hayo majira ya kuosha niliyowaahidi. Sikulalamika, na nyumbani Mama Neema alinipikia kama kawaida na kunipa pole kama ya kazi nyingine yoyote. Koki mpya zilichelewa kufika na Bi Ruth akachelewa wiki tatu. Alizingoja akiwa chumba cha wageni kwa dada yake, na vitabu vyake vyote vikiwa botini.

Yadi yetu ilikuwa na desturi moja. Boti inaporudishwa, kreni inaishusha mpaka tumbo limezama lakini mikanda haijalegezwa, bado inaning'inia. Hapo mtu mmoja anaingia ndani peke yake, anafungua koki moja moja na kuzishika. Mpaka aseme ni kavu, mikanda hailegezwi. Na mtu huyo huwa ni yule aliyeifunga boti wakati baridi inaanza, maana yeye ndiye anayejua alichokifanya. Siku ya boti ya Bi Ruth, Gordon alishavaa glovu aingie yeye. Mimi nilikuwa mbali na ndoo yangu.

Bi Ruth akasema hapana. Akaninyooshea kidole. "Aliyezifunga ndiye azifungue."

Gordon alimtazama, akanitazama mimi, akavua glovu. Nikaiweka ndoo chini.

Nilikuwa sijawahi kuwa ndani ya boti inayoning'inia. Nikateremka ngazi, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikawa chini ya usawa wa ziwa. Ni kavu, kuna harufu ya rangi mpya na supu, na pande zote, upana wa kidole kutoka kwangu, maji yanasogea na kunong'ona kwenye tumbo lile. Nilisimama tu. Ziwa lile ambalo huoni ng'ambo yake, lote limeegemea ubao huu, na ubao umekataa. Niliogopa na nikafurahi kwa pamoja, na kama ningekuwa na kofia ningeivua.

Nikafungua ya sinki, mbili za choo, ya injini. Nikajilaza ubavu nyuma ya kitanda, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma. Nikafungua ya kulia. Nikafungua ya kushoto. Shaba ikawa baridi ghafla, maji yameingia. Nikaizungushia tishu, nikahesabu taratibu, nikaitoa, kavu. Nikafumba macho nikapitisha ukucha.

Juu Bi Ruth akaita, anauliza je. Nikarudi nilipoanzia nikapitisha tena, kuizunguka yote, na nyuzi zake, na pale chini mkono usipopafikia vizuri. Akaita mara ya pili. Nikarudia mara ya tatu. Ndipo nikasema, "Kavu."

Nilisikia mikanda ikilegea, na boti ikajikalia yenyewe majini.

Aliondoka wiki ile. Baharini alifika. Najua, kwa sababu kila mwaka akizifungua koki zake ananitumia picha moja tu, haina salamu wala maelezo. Ni picha ya tishu kavu iliyolala chini ya koki ya kushoto. Gordon naye, mwezi wa kumi ulipofika, alinikabidhi koki za yadi nzima, na nilizishika mpaka nikastaafu.

Ile ya kushoto yenye ufa ninayo hapa Flemingdon Park, mezani, karibu na dirisha. Nilikuwa nimempa Bi Ruth, maana ni mali yake, naye akaniachia juu ya ndoo yangu siku anaondoka. Neema alipokuwa na miaka kumi nilimfumba macho nikampa, akaizungusha haraka haraka akaniambia haina kitu, Baba, ni nzima. Nikamwambia arudie polepole.